Shangazi, niongeze klabu gani?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 16, niko kidato cha tatu. Tangu kidato cha kwanza mama ananiambia vyuo vikuu vinataka mtu aliyekamilika, kwa hiyo nimejiunga na mdahalo, kwaya, klabu ya mazingira, jarida la shule na mpira wa wavu. Nafika nyumbani giza limeshaingia, halafu nafanya kazi za shule hadi saa saba usiku. Rafiki yangu ana vyeti vingi kuliko mimi na juzi amechaguliwa kiranja. Mimi naona sina cha kuonyesha. Hisabati imenishinda kidogo, mtihani uliopita nilipata 31, karatasi nimeificha chini ya godoro pamoja na zile mbili za nyuma. Naomba unishauri: niongeze nini ili chuo kinione? Ni mimi, Mchovu wa Klabu Tano.*

Marahaba, mwanangu. Usiongeze kitu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilihesabu klabu. Mara ya pili nikaliona godoro. Umelitaja harakaharaka, kama mwenyeji anayempitisha mgeni mbele ya chumba ambacho hakijafagiwa, kisha ukarudi kwenye vyeti. Kwa ruhusa yako, mimi naanzia hapo chini ya godoro.

"Imenishinda kidogo" na karatasi tatu zilizofichwa haviendi pamoja. Aliyeshindwa kidogo hafichi. Wala si ile 31 inayonitia wasiwasi, maana alama hupanda na kushuka. Linalonisumbua ni kwamba mwalimu alisahihisha, akakurudishia, na safari ya ile karatasi ikaishia kitandani. Hukukaa nayo ukaangalia swali la nne lilianza kuharibika mstari wa ngapi. Hisabati ina tabia ya kubeba madeni: asiyeelewa hesabu za sehemu atakwama kwenye milinganyo, na aliyekwama kwenye milinganyo hana la kufanya mbele ya grafu. Huenda una kosa moja tu la zamani linalojirudia katika karatasi zote tatu. Huenda ni matatu. Hujui, na hutajua ukizilalia.

Nikuambie langu. Nilipoingia chuo kikuu nilikuwa na faili la vyeti lililofungwa kwa mipira miwili. Baada ya siku ya usajili hakuna aliyeniuliza tena mlikuwa na nini ndani. Nilichokikuta huko ni kitu ambacho sikukizoea: kengele hakuna. Mhadhara saa nne, mwingine saa tisa, na katikati saa zimelala tu, hazina mwenyewe. Shuleni niliendeshwa na kengele, nyumbani niliendeshwa na mama, kwa hiyo nilipoachiwa siku yangu mwenyewe sikujua niishike wapi. Mhadhiri wetu wa takwimu alitenga saa mbili kila wiki za kuonana na wanafunzi wenye maswali. Nilipita mbele ya mlango wake muhula mzima bila kugonga. Somo lile nilifeli, nikalirudia mwaka uliofuata. Sikufeli kwa kukosa akili, mwanangu. Nilikuwa sijawahi hata siku moja kumwambia mwalimu "hapa sijaelewa", na kwenye umri wa miaka 19 neno hilo lilikuwa limeshakuwa zito mno mdomoni.

Ndiyo maana nasema wewe unajiandaa kwa fomu ya maombi, hujiandai kwa chuo. Nchi za Ulaya zinazotumia ECTS, mfumo wa kupima kazi ya mwanafunzi wa chuo kwa pointi, huhesabu mwaka mzima wa masomo kuwa pointi 60, na kila pointi ni kazi ya saa 25 hadi 30. Zidisha (hesabu hii haiumi): ni saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka, na katika kozi nyingi sehemu kubwa ya saa hizo mwanafunzi yuko peke yake na vitabu vyake. Hakuna cheti cha mazingira kitakachokaa mezani badala yako.

Sasa mama. Simwiti mwongo hata kidogo. Inategemea unaomba wapi. Kuna nchi ambako alama za mtihani wa mwisho ndizo zinazoamua karibu kila kitu, na kwaya haitaulizwa kabisa. Kuna kwingine, hasa Marekani, ambako vyuo vingi huangalia alama za miaka yote ya sekondari, insha, barua za walimu na mambo unayofanya nje ya darasa. Hata huko, fomu ya Common Application, ambayo mwanafunzi huitumia kuomba vyuo vingi kwa pamoja, ina nafasi ya shughuli 10, na maelezo ya kila moja yasizidi herufi 150. Hiyo ni sentensi moja, mbili ukibana sana. Aliyekuwa akihudhuria tu, akisaini daftari na kurudi nyumbani, hata hizo 150 zitamshinda kuzijaza. Kaa na mama mfungue tovuti za vyuo vyenyewe mnavyovifikiria, msome vinataka nini. Msichukue habari kwa mzazi wa rafiki yako.

Halafu chagua. Kati ya hizo tano, ipi ungeendelea nayo hata kama cheti chake kingefutwa kesho? Kwa jinsi barua yako ilivyoandikwa, mimi nakisia jarida, ila usinifuate mimi. Mpira wa wavu nao ubaki kama unatoka uwanjani unacheka. Nyingine tatu ziage kwa heshima, umwambie msimamizi ana kwa ana, usitoroke. Huko kuaga nako ni somo, tena gumu kuliko mdahalo wenyewe.

Kuhusu rafiki yako: mpongeze. Sina zaidi.

Saa saba usiku siikubali. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, AASM, kilipendekeza mwaka 2016 kwamba wenye umri wa miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku. Wewe ukilala saa saba na kuamka saa kumi na moja na nusu, umepata saa nne na nusu. Najua katika umri wako usingizi huchelewa kuja, ni mwili unaofanya hivyo, si uvivu. Lakini kilichokuweka macho si mwili, ni klabu. Ukitoa tatu, muda wa kulala unarudi bila ugomvi na mtu.

Na muda wa kusoma utakaobaki, usiutumie kupitisha macho kwenye daftari. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio moja ninalolipenda sana. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha maandishi kwa vipindi vinne. Jingine lilikisoma kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu likajaribu kuandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliorudiarudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka karibu asilimia 40, na wale waliojipima karibu asilimia 61. Cha kuchekesha ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kuwa watakumbuka. Kwa hiyo funga daftari, chukua karatasi tupu, lifanye swali upya. Utakosa, na utakosa ukiwa peke yako mezani, siku ambayo hakuna anayekuhesabia alama.

Zile tatu za zamani zianze wiki hii. Zitoe, ziweke kwa mpangilio wa tarehe, na kwa kalamu ya rangi nyingine weka alama mahali hasa unapoanza kupotea katika kila swali. Kisha mfuate mwalimu baada ya kipindi, si mbele ya darasa zima. Usimwambie "hisabati siiwezi", maana hapo hana pa kushika. Mwambie: "Mwalimu, nimekuja na karatasi tatu, nimeweka alama ninapopotea. Naomba unionyeshe nirudi nyuma hadi mada gani." Ukitetemeka, mpe karatasi mkononi, zitasema zenyewe.

Mama mwonyeshe siku hiyohiyo, ukishatoka kwa mwalimu, ili usiende kwake mikono mitupu. Atafoka kidogo. Ila usichelewe, mwanangu: sisi akina mama hugeuza magodoro.