Vilima vya Ngong: Kasi Yako ya Lami Iache Getini

Msomaji mmoja ameniuliza swali fupi. Kila Jumapili anakimbia kilomita 12 za lami, kila kilomita dakika 6. Sasa anataka kwenda vilima vya Ngong, nje ya Nairobi: akitoka getini hadi Kona Baridi, mwisho wa vilima upande wa kusini, karibu kilomita 11, je, atamaliza kwa saa moja na dakika kidogo? Hatamaliza, dada yangu. Na akilazimisha, Jumanne atashuka ngazi za ploti yao kinyumenyume.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi huanguka kabla hata hawajafunga kamba za raba. Wakimbiaji wa milima wana kanuni ya zamani: kila mita 100 unazopanda zihesabu kama mita 800 za tambarare. Ramani yako ikionyesha kilomita 10 zenye mita 600 za kupanda, mwili wako utaona kilomita 14.8. Kwa dakika 6 kila kilomita, hiyo ni karibu saa moja na nusu, na bado hatujagusa tope, upepo wala mifugo. Kwa hiyo siku ya kwanza usijiwekee kilomita. Jiwekee dakika: 45 za kwenda, kisha geuka, hata kama kilima kinachofuata kinakuita. Kwenda na kurudi njia ileile hukuachia nafasi ya kukatisha safari wakati wowote. Kona Baridi ingoje mara ya pili au ya tatu.

Kilele cha juu, Lamwia, kiko mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya Nairobi ni kama mita 1,700. Huko juu oksijeni unayovuta kwa kila pumzi imepungua kwa karibu asilimia 9 ukilinganisha na mjini, na wewe unapanda. Ndiyo maana kutazama kasi kwenye saa ni upuzi. Tumia kipimo cha mdomo: ukishindwa kusema sentensi moja nzima bila kuhema, tembea. Panda ukitembea, mikono ikisukuma mapaja juu ya magoti, hatua fupi. Kwenye mwinuko mkali anayetembea vizuri humpita anayekimbia vibaya, tena hufika kilele akiwa na miguu. Mnaotoka Mombasa, kwenu pengo ni robo nzima, basi punguzeni hizo dakika 45 ziwe 30.

Lakini kupanda si tatizo. Kupanda kunakuchosha, kunakoumiza ni kushuka. Ukishuka, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki: inarefuka huku inakaza, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Maumivu hayaji siku hiyo. Hufika kileleni siku ya pili, ndiyo hiyo Jumanne niliyoitaja. Kosa la watu wa lami ni kurusha hatua ndefu na kutua kwa kisigino huku mwili umeegemea nyuma. Kila hatua inakuwa breki kamili, na kisigino kikikanyaga changarawe kinateleza. Fupisha hatua, zifanye ziwe za harakaharaka, kunja magoti kidogo, tua chini ya kiuno chako, mikono iachie ipanuke kama ya mtu anayevuka daraja la gogo. Macho yaangalie mita 3 hadi 5 mbele, si vidole vya miguu. Ukitaka kutazama mandhari, simama kwanza. Magharibi kuna Bonde la Ufa lote, mashariki Nairobi imelala, na hakuna anayekufukuza.

Raba za lami zinafaa msimu wa kiangazi tu. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba hugeuza vijia kuwa sabuni. Hapo unahitaji soli yenye meno ya milimita 4 au 5. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Funga kamba hadi tundu la mwisho kabisa, lile ambalo watu huliacha wazi, ili mguu usiteleze mbele na kugonga ncha ya kiatu kila unaposhuka. Kucha nyeusi huweza kutokana na tundu hilo moja.

Juu ya mgongo wa vilima usitegemee kupata maji. Beba nusu lita kwa kila saa, na nusu lita nyingine ya akiba. Upepo mara nyingi hutoka mashariki, ndiyo maana mitambo ya umeme imesimamishwa huko, na ukielekea kusini utakupiga ubavu wa kushoto. Huo mwinuko peke yake hupunguza joto kwa nyuzi 4 au 5 kutoka mjini, kabla hata upepo haujaanza kazi yake. Jaketi jepesi lisilopitisha upepo likunjwe kiunoni hata kama jua linawaka Lang'ata. Juni hadi Agosti ukungu unaweza kuficha kilima kilicho mbele yako, kwa hiyo pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani.

Usiende peke yako. Ukishaiacha mitambo watu hupungua, na uporaji umewahi kutokea upande wa kusini. Uliza getini kuhusu askari wa msitu wa kukusindikiza, mpatane malipo na mwendo mapema. Yeye amevaa buti na hakuja kushindana nawe. Kiingilio andaa kulipa kwa simu.

Ukikuta ng'ombe, acha kukimbia, msalimie mchungaji, zunguka upande wa chini, wala usipite katikati ya ng'ombe na ndama wake. Mbwa akikujia, simama, wala usimkazie macho. Ukikimbia unakuwa swala. Hapa niseme wazi: kuna wakimbiaji wanaowapigia kelele wachungaji wawapishe kwa sababu saa inahesabu. Hayo ni malisho ya watu tangu kabla ya hizo saa kubuniwa. Simamisha saa yako. Na karatasi za jeli, ule uji wa sukari wa kuongeza nguvu njiani, zirudi mfukoni mwako, zote, pamoja na kile kipande kidogo cha juu unachong'oa kwa meno.

Siku utakapofika Kona Baridi, utatokea barabara ya Magadi. Panda gari la Kiserian, kisha jingine la Ngong ikiwa gari lako uliliacha getini. Weka nauli kwenye kifuko kisichopitisha maji pamoja na soksi kavu, na uzivae kabla ya kupanda, maana ukikaa na soksi zenye jasho kwenye baridi hiyo, miguu itakuwa barafu kabla hujafika Kiserian.