Mwanangu, kuhusu ile 2,147,483,647

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kuhusu namba iliyowagomea kazini: namba za miamala zilipofika 2,147,483,647 mfumo ukakataa kusonga, na mwenzako akakwambia hiyo ni namba tasa, yaani haigawiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Unataka kujua kama ukomo uliwekwa hapo kwa sababu ya utasa wake. La, mwanangu. Ni mambo mawili yaliyokutana kwenye namba moja, na namba yenyewe naipenda tangu nikiwa chuoni.

Ukomo hauna maneno mengi. Safu yenu ya namba za miamala ilitengewa biti 32, yaani nafasi 32 za kuandika 0 au 1. Moja inabeba alama ya chanya au hasi, zinabaki 31. Zote zikiwa 1, umepata 2 kwa kipeo cha 31, kutoa 1. Nafasi imekwisha.

Utasa ndio wenye utamu. Chukua ukomo wa biti 16, yaani 32,767. Ukiuandika kwa tarakimu za 0 na 1 tu, unapata moja 15 mfululizo: 111 111 111 111 111. Nimezitenga tatutatu makusudi. Kila fungu la 111 ni 7, kwa hiyo 7 inaigawa namba yote bila baki. Jaribu, utapata 4,681. Zipange tanotano, kila fungu ni 31, nayo inaigawa. Sasa njoo kwenye moja 31. Hazipangiki kwa mafungu sawa, maana 31 yenyewe ni tasa. Lakini usikimbilie kusema imethibitika! Moja 11 nazo hazipangiki, ila thamani yake, 2,047, ni 23 mara 89.

Aliyemaliza ubishi ni Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi aliyefanya kazi St. Petersburg, Urusi. Mwaka 1772, akiwa karibu kipofu kabisa, alimwandikia mwanahisabati mwenzake, Bernoulli, kwamba namba hii ni tasa. Mtu mwingine angejaribu kila namba tasa hadi kwenye kipeuo cha pili, kama 46,340 hivi. Euler alijua kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Namba za namna hiyo hazifiki 400, na nyingi si tasa, unaziruka. Katika zilizosalia, hakuna hata moja iliyogawa. Kwa zaidi ya miaka 70 haikujulikana namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Tena ukiizidisha kwa 2 kwa kipeo cha 30, unapata 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni sawa na jumla ya vigawo vyake vyote ukiiacha yenyewe, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3. Mimi hilo hunisisimua kila nikilikumbuka.

Kwa upande wa kazi, hamishieni safu hiyo kwenye biti 64, na mkague saa pia: mifumo inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 itafika ukomo huohuo tarehe 19 Januari 2038. Ukomo wenu mpya utakuwa moja 63 mfululizo. Zipange kwa mafungu, kisha uniandikie kama ni tasa.

Mama yako