Gitaa la Kireno: la Lisbon au la Coimbra?

Ndugu yangu, umeuliza uchukue gitaa la Kireno la Lisbon au la Coimbra, na kama lile la fundi wa mkono linastahili bei uliyotajiwa.

Anza na sauti unayoipenda. La Lisbon lina kichwa kilichochongwa mzunguko kama konokono, mlio wake unang'aa, na ndilo linalosindikiza waimbaji wengi wa fado, zile nyimbo za huzuni za Ureno. La Coimbra lina umbo la chozi kichwani, nyuzi zake ni ndefu kidogo na hutuniwa toni moja chini, hivyo mlio ni mzito zaidi. Carlos Paredes, mpiga gitaa mashuhuri wa Ureno, alipiga hilo. Msikilize kwanza kabla hujatoa hela.

Kuhusu bei, nenda karakana mwenyewe. Gitaa hili lina nyuzi 12 katika jozi 6, na mkazo wote huo unabebwa na ubao mwembamba wa usoni. Fundi hodari huukwangua kidogo, huugonga kwa kidole, husikiliza, hukwangua tena. Kazi hiyo ndiyo unayoilipia, na mimi naona inastahili.

Ukilishika, piga jozi moja moja hadi juu kabisa ya shingo. Zile tatu nyembamba lazima kila moja ilie kama uzi mmoja. Kisha zungusha skrubu za kukazia nyuzi, zile zilizo kwenye chuma chenye umbo la feni kichwani. Zikikwama au kuteleza, liache. Mimi nilivutiwa na urembo wa lulu nikazipuuza skrubu, na hadi leo natuni upya baada ya kila wimbo.