Hobi lazima ilete ajira kwani?

Wiki hii mmeuliza, "Hobi ipi itamsaidia kijana kupata ajira?" Jamani, kwani lazima imsaidie? Yani shule ni ajira, tuisheni ajira, likizo anatafutiwa kozi ya kompyuta ili apate ajira, sasa hata kale kamuda kake ka jioni nako tunakachukua?

Nina mpwa wangu, binti, anapenda sana kuchora mikono. Sio sura wala maua, mikono tu. Anayechora anajua mikono inavyotesa, ukikosea urefu wa kidole kimoja tu basi mkono mzima unakuwa kama glavu. Yeye alikuwa anaanza na penseli ya HB kuweka mistari mepesi, anashedi na 2B iliyo laini na nyeusi zaidi, halafu 6B, nyeusi kupita zote hizo, kwenye kile kivuli kizito cha katikati ya vidole, anaangalia mkono wake wa kushoto, anafuta, anarudia, ukimwita wala hasikii. Siku moja akaja mgeni, mtu mwema kabisa, akafunua lile daftari akasema binti una kipaji, fungua peji uuze, hizi zitakulipa. Nyumba nzima ikashangilia. Baada ya hapo nikawa naliona daftari limelala tu juu ya kabati, nikamuuliza kulikoni, akanijibu, "Mjomba, sasa hivi nikishika penseli najiuliza nani atanunua. Zamani kidole kikienda kombo nafuta, siku hizi naona nimefeli." Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo.

Kijana anapimwa kila mahali, kwa hiyo anahitaji sehemu moja ya kukosea bila mtu kumpa maksi. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 umeweka elimu kwenye ibara ya 28 na 29, halafu mapumziko na michezo yakapewa ibara yake, ya 31. Ni haki inayojitegemea kabisa.

Ila nikiendelea kuandika nasita kidogo. Kuna kijana hana kitu mfukoni na michoro yake ndio inaweza kumlipia ada, huyo nitamwambia asiuze? Siwezi. Na huyo huyo mpwa wangu amerudi kuchora, tena juzi kamchorea rafiki yake akalipwa, alivyofurahi sasa, na mimi nimefurahi naye. Safari hii hakuna mtu aliyemtajia hela, kaamua mwenyewe, nadhani tofauti yote iko hapo.

Kwa hiyo mkinibana nijibu swali lenu kama lilivyo, nitawaambia kuchora kunaweza kuleta ajira na sioni ubaya, mradi wazo litoke kwake, na abaki na kitu kingine ambacho hakiuzwi, hata kama ni kupiga filimbi na hajui. Kwa kijana mkubwa anayehangaika na maisha mambo ni tofauti, hapo sibishani na mtu. Lakini kwa hawa wa chini ya miaka 18 bado nasema wazazi, wajomba na wageni tukae pembeni kwanza, mpaka watuulize wenyewe.