Uraia wa Bulgaria kupitia nyanya: anza na jina, fomu baadaye

Nimeulizwa sana niliombaje uraia wa Bulgaria nikiwa huku London, basi leo nimekaa niandike mara moja. Nyanya mzaa mama alikuwa Mbulgaria. Alikutana na babu mjini Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, miaka ya 1960, enzi zile vijana wa Kenya walikuwa wanapata skolashipu za kusoma nchi za kikomunisti, wakaoana hukohuko kisha wakaja kuishi Mombasa.

Watu wengi wanakimbilia fomu. Jamani, anza na jina! Nyanya kwenye karatasi alikuwa kama watu watatu: kwao ana majina matatu kwa herufi za Kisirili (alfabeti ya Kibulgaria), lake, la babake na la ukoo, na kwa mwanamke mara nyingi la ukoo linaishia na -ova au -eva, akaolewa akachukua la babu, halafu kwenye cheti cha kuzaliwa cha mama karani akaandika alivyosikia, herufi imeruka na jina la babake halipo kabisa. Nikaona ni kitu kidogo nikapeleka hivyohivyo. Faili ikarudi, karibu mwaka mzima ukapotea, na kilichoniuma ni kuambiwa hakuna kinachoonyesha huyu mwanamke ndiye mama wa mamangu.

Kilichotuokoa ni picha. Mama aliitoa kwenye bati la biskuti, nyuma kuna wino wa bluu umefifia, nikakaa na alfabeti yao herufi kwa herufi mpaka neno likatoka: Pleven, mji wa Bulgaria. Rejista za vizazi kule zinakaa obshtina, yaani manispaa, ya pale mtu alipozaliwa, kwa hiyo tukaandikia ya Pleven tukapata nakala ya cheti cha kuzaliwa cha nyanya, na ya ndoa kutoka Sofia yenye majina yake yote mawili, ya ukoo na ya mume, mama naye akaenda kurekebishiwa cheti chake. Hapo ndipo ikaungana: nyanya, mama, mimi.

Sheria ya Bulgaria inakubali asili ya Kibulgaria mpaka kizazi cha tatu kwenda juu, yaani hadi wazazi wa babu au nyanya yako. Ukienda mbali hivyo angalia tarehe vizuri, Bulgaria ilibadili kalenda 1916, 31 Machi ikafuatwa na 14 Aprili, kwa hiyo siku 13 zikikataana kati ya karatasi mbili usidhani ni mtu mwingine. Na kama mzazi wako mwenyewe alikuwa raia wao ulipozaliwa, uliza kwanza, huenda tayari wewe ni raia na kazi yako ni kuthibitisha tu.

Ukiomba kwa njia ya asili huulizwi mtihani wa Kibulgaria, wala kuishi kule, wala kuacha uraia ulio nao. Mimi nilipeleka ubalozini, nikahojiwa, na mwisho kabisa aliyesaini alikuwa Makamu wa Rais wao.

Mihuri sasa. Nilipoomba Kenya haikuwa kwenye mkataba wa apostili (muhuri mmoja unaofanya hati ikubalike nchi nyingine zilizo kwenye mkataba huo), kwa hiyo vyeti vya Mombasa vilipita wizara ya mambo ya nje Nairobi kwanza ndio vikafika ubalozini, cheti cha polisi wa huku London, cha kuonyesha sina rekodi ya uhalifu, kikapigwa apostili hukuhuku, halafu vyote vikatafsiriwa Kibulgaria. Mwambie mtafsiri aandike jina la nyanya vilevile lilivyo kwenye nakala ya obshtina.

Wakenya, katiba ya 2010 inaturuhusu uraia pacha ila ukishaupata una miezi mitatu ya kuiarifu serikali. Ndugu zangu wa Tanzania, kwenu mtu mzima haruhusiwi, ongeeni na wakili kabla hamjatuma chochote.