Rangi Imebambuka Tena? Nionyeshe Kitambaa Chako

Nilisaga kutu kwa grinda yenye brashi ya waya hadi chuma kikang'aa kama kioo, nikapaka epoksi. Miezi minne tu imebambuka. Rangi ilikuwa feki?

Umejijibu mwenyewe: kama kioo. Rangi hushika kwenye mikwaruzo, na brashi ya waya inayozunguka hukilainisha chuma. Kiwango cha SSPC-SP 11, cha Kimarekani cha kusafisha chuma kwa mashine za mkononi, kinataka chuma kitupu chenye mikwaruzo ya kina kisichopungua mikroni 25, hivyo malizia kwa diski ya msasa au mashine ya sindano, ile inayogonga chuma kwa sindano nyingi. Sasa zamu yangu kuuliza: grisi uliifuta lini? Karibu kila anayeniandikia huanza na grinda. Grinda haiondoi mafuta, inayatandaza na kuyashindilia kwenye mikwaruzo. Mafuta kwanza, jamani, kila mara! Tena kwa vitambaa safi vinavyobadilishwa. Kitambaa kimoja kutwa nzima hakifuti grisi, kinaipaka.

Naweza kupaka juu ya kutu kidogo?

Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Soma karatasi ya mtengenezaji. Kwa usafishaji wa mkono, kutu isiyong'oka kwa kisu butu cha puti inaruhusiwa kubaki, na zipo rangi zinazoivumilia. Praima (rangi ya kwanza) ya zinki isiyo ya kikaboni haimo kati ya hizo.

Tanki letu liko karibu na bahari. Tulilipiga kwa chembe za kukwaruza zinazorushwa kwa hewa hadi Sa 2½, daraja la usafi wa chuma, likapendeza, lakini limetoa malengelenge yenye maji ndani.

Likapendeza kwa nani? Sa 2½ hupimwa kwa macho, na chumvi haionekani. Hujificha kwenye vishimo vya kutu, kisha huvuta maji yapenye rangi hadi lengelenge linatuna. Ondoeni rangi iliyoharibika, osheni kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) yenye shinikizo, pigeni upya, halafu pimeni chumvi kwa kibandiko cha Bresle, kinachobandikwa juu ya chuma kuikusanya, kabla ya kufungua kopo. Chumvi ikiwapo bado, rudieni kuosha. Na msitegemee maji pekee: yanasafisha vizuri, lakini hayachimbi mikwaruzo mipya.

Kwa nini tusipige chuma kwa mchanga wa kawaida? Ni bure.

Mapafu si bure. Vumbi la silika huyatia makovu yasiyopona. Uingereza iliukataza mchanga kwenye kazi hii kwa kanuni za mwaka 1949, nanyi bado mnaniuliza. Tumieni garneti, chembe za jiwe gumu. Garneti nayo haiwapi ruhusa ya kufunga leso puani: rangi kuukuu huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo ipimwe kabla ya kuguswa na mashine yoyote.

Kingo za rangi ya zamani nizifanyeje?

Zichonge zishuke taratibu hadi kidole kipite bila kukwama. Zikiendelea kuinuka, hapo hakuna kiraka. Endelea kubandua hadi ufikie rangi iliyoshika.

Asubuhi na mapema ni wakati mzuri wa kupaka?

Chuma kikiwa na joto linalozidi kiwango cha umande (joto ambalo mvuke wa hewa huanza kugeuka matone) kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi, ndiyo. Pima chuma chenyewe, si hewa.