Barua za Mlowezi wa Njoro na Simulizi ya Nyanya

SWALI: Mhariri, familia moja ya Uingereza imenitumia nakala za barua ambazo bibi yao, aliyekuwa na shamba Njoro, alimwandikia dada yake. Babu yangu alichunga ng'ombe katika shamba hilo. Barua ya mwaka 1941 inadai kwamba wafanyakazi waliishi kwa raha bila kupungukiwa na kitu, ilhali nyanya alitusimulia mpaka kufa kwake jinsi mbuzi wao walivyouzwa kwa lazima. Nimwamini nani? Tena, je, inafaa niwajibu watu hao? — Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ndugu msomaji, mwamini nyanya yako, kisha uzisome barua hizo upya. Mwaka unaoutaja unaafikiana na simulizi yake. Sheria ya wafanyakazi wakazi wa mashambani, iliyopitishwa mwaka 1937 na kuanza kutumika mwaka 1940, ilizipa halmashauri za wilaya, ambazo zilikuwa mikononi mwa walowezi wenyewe, mamlaka ya kupunguza mifugo ya maskwota, yaani wafanyakazi walioishi na kufuga katika mashamba ya walowezi, na kuongeza siku zao za kazi kutoka 180 hadi 270 kwa mwaka. Hata kabla ya hapo, katika miaka ya 1920, maskwota wa Bonde la Ufa walikuwa wamekwisha kuonja msako wa mifugo walioupa jina la kifagio. Kwa mtu aliyelipwa shilingi chache kwa mwezi, mbuzi ndio waliokuwa akiba yake na mahari ya wanawe, kwa hiyo sishangai kwamba nyanya hakuisahau siku ile.

Simwiti mwandishi wa barua mwongo. Alikuwa akimwandikia dada aliye mbali, na walowezi wengi walichagua maneno ya kuwatuliza jamaa zao, hasa pale shamba lilipokuwa na deni. Njoro haikuwa na neema kwa kila mtu: mlowezi Lord Delamere, aliyepewa huko ekari 100,000 mwaka 1903, aliangamiziwa ngano yake na ugonjwa wa kutu, na mlowezi mwingine, Nellie Grant, aliyelima huko hadi mwaka 1965, alimwandikia binti yake Elspeth kwa miaka mingi habari za mazao aliyoyajaribu moja baada ya jingine. Katika barua za namna hii wasiwasi wa mwenye shamba hujaza kurasa, na mtu kama babu yako hupita pembeni, pengine kwa jina moja tu au kwa kazi yake.

Kwa sababu hiyo, maoni ya mwandishi wa barua kuhusu raha ya wafanyakazi yaache kando, utafute yale aliyoyaandika bila kuyafikiria sana: nani aliugua, nani alihama baada ya mavuno, mshahara ulikuwa kiasi gani, na mifugo ya nani iliondolewa shambani. Barua ikitaja mbuzi waliopelekwa mnadani mwaka uleule, hata kwa nusu sentensi, basi mwandishi mwenyewe ameunga mkono simulizi ya nyanya yako. Uwe mwangalifu pia na tarehe, kwani kabla ya ndege kuanza kubeba barua kati ya London na Afrika Mashariki mwaka 1931, barua zilikwenda kwa meli kwa majuma kadhaa, na mwandishi aliweza kukusanya habari za siku nyingi chini ya tarehe moja.

Kisha uulize nyumbani kama kipande cha babu bado kipo. Karatasi ile, ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kuibeba shingoni ndani ya kikopo cha chuma, iliandikwa jina la mwajiri, tarehe za kuanza na kuacha kazi, na mshahara. Hapo utajua kama mchungaji anayetajwa ni yeye kweli au ni mwingine. Ripoti za mwaka za wilaya zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Nairobi, nazo zitakuonyesha halmashauri iliamua nini kuhusu mifugo.

Naam, wajibu watu hao, uwashukuru, na uwaombe madaftari ya hesabu na ya mishahara ya shamba kama wanayo, kwa sababu humo majina ya wafanyakazi huandikwa kila mwezi. Watumie nao simulizi ya nyanya, iliyoandikwa kikamilifu na kwa jina lake, ili iwekwe pamoja na barua za bibi yao.